Mkeka wa Zuhura na Usingizi wa Wifi Yangu

Mabinti wa kikundi, mwenyekiti wenu amekuja mara kadhaa kuniomba niwaandikie, kwa ajili ya kijitabu chenu, mambo ya ususi wa mikeka, kwa kuwa vidole vyangu vimekakamaa na siku hizi ukili, ule utepe tunaoushona uwe mkeka, nauona tu mikononi mwa wengine. Nadhani alitarajia niwaeleze namna ya kuchemsha rangi. Nitaieleza. Lakini nitaanza na mwanamke ambaye nimemwonea wivu kuliko mtu yeyote hapa Ruaruke, na wivu wenyewe haujaisha, maana juzi tu nilipita kibarazani kwake baada ya chakula cha mchana nikamkuta amelala.

Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kipande cha ukili juu ya tumbo, na kuku anadonoa punje za wali karibu na kisigino chake. Bodaboda zinapita, watoto wa shule wanapiga kelele, yeye hana habari. Nilisimama nikamtazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Halafu nikakohoa makusudi. Hakuamka.

Huyo ni Mwanahawa, dada wa mume wangu, kwa hiyo ni wifi yangu na shangazi wa watoto wangu. Tumesuka pamoja tangu nilipoolewa. Mimi nilisuka haraka kuliko yeye, ukili wangu ulibana kuliko wake, na rangi zangu hazikuchuja. Nayasema bila haya kwa sababu hata yeye anayasema. Alichonishinda ni kimoja: aliweza kuiweka kazi chini ikiwa haijaisha, akajinyoosha, na akili yake ikajinyoosha pamoja naye. Mimi nikiiweka chini, ilinifuata.

Aliyetufundisha wote wawili alikuwa mama mkwe wangu, Bi Kidawa, aliyemzaa huyo Mwanahawa. Nilipofika kwake nilijua kusuka makawa ya kufunikia chakula tu. Mkeka ni jambo jingine. Ukindu, majani ya mkindu, ukishachanwa unaanikwa juani na kuachwa upate umande mpaka uwe mweupe, ndipo ule wa rangi unachemshwa. Rangi ya unga mnayonunua Kibiti msiitie kwenye maji ya uvuguvugu. Maji yatokote kwanza, mtie chumvi kidogo, ukindu uzame wote, na msiuopoe kwa pupa kwa sababu mmeona umegeuka. Rangi iliyoharakishwa hushika juu juu. Mgeni akiukalia mkeka wa namna hiyo na kanzu nyeupe, anaondoka na maua yenu. Mimi yalinipata, na mgeni mwenyewe alikuwa mwalimu wa madrasa.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la maji. Ukindu mkavu hukatika, kwa hiyo kabla ya kusuka tunaufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Nasema unyevu. Mwaka wangu wa kwanza pale nilitaka Bi Kidawa ajue kwamba amepata mkamwana hodari, nikauloweka ukindu kwenye ndoo, maana ukiloa unalainika na vidole vinakimbia. Ukili wangu ulitoka mrefu mno. Nikaushona mkeka, nikauanika, ukakauka. Ukindu ukanywea na kila tundu likafunguka. Bi Kidawa aliuinua juani, akatuchungulia kupitia humo, akasema mkeka huu upelekwe Salale, wavuvi wa kamba watashukuru. Mwanahawa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda kulia jikoni.

Na yeye mkeka wake ulikuwa wapi? Haujafika hata nusu, na nusu hiyo ilikuwa inalaliwa na paka. Jioni ile Bi Kidawa alinisifu kwa bidii yangu, kisha akaenda kukaa kibarazani na binti yake. Nilizisikia sauti zao nikiwa jikoni. Sijui kama mnanielewa. Nilipata sifa, mwenzangu akapata mtu wa kukaa naye.

Kitu kingine alichotufundisha ni kupasua mkeka. Nyinyi mmezaliwa mmekikuta, lakini kuna wasomaji wa kijitabu hiki wasiojua, basi nieleze. Ukili ni utepe mrefu, na hatuukati vipande ndipo tuushone. Tunauzungusha, tunashona ukingo kwa ukingo tukizunguka nao, mpaka linakuwa kama gunia kubwa lisilo na kitako. Kisha linapasuliwa kwa kisu toka juu hadi chini, likifunguka ndiyo mkeka. Mpaka hapo kazi yote inaweza kufanywa na mtu mmoja. Kupasua peke yako hakuwezekani. Mmoja anashika huku, mwingine anashika kule, wananyoosha mpaka mistari ya rangi ilale sawa, na mwingine anapita na kisu. Kwa Bi Kidawa aliyeshona hakuruhusiwa kushika kisu. Alisema macho ya aliyeshona yameshazoea mshono wake, kila kitu anakiona kimenyooka. Kwa hiyo siku ya kupasua mkeka ilikuwa siku ya watu. Jirani anaitwa, uji unapikwa, mwenye mkeka anakaa pembeni na roho juu, na wengine wanamtania kwamba safari hii utatoka na pembe tano.

Mikeka yetu tuliiuza barabarani, tukaozeshea watoto na kuzikia wafu kwa fedha zake. Halafu akaja dada mmoja wa Dar mwenye duka la vitu vya nyumbani. Simsemi vibaya. Alikuwa msichana mwenye adabu, akija anavua viatu na kutuamkia mmoja mmoja. Alitufungulia grupu kwenye simu. Kila jioni kila msusi alitakiwa kutuma picha ya ukili aliosuka siku hiyo, umelazwa kando ya fimbo ya kupimia. Ikifika Ijumaa, aliyesuka mwingi kuliko wote anawekewa picha yake na taji la dhahabu kichwani, chini pameandikwa Malkia wa Wiki.

Mabinti, nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimezaa na nimezika. Nilipoiona sura yangu na taji lile, na wenzangu wanaandika hongera malkia, mapambano yaendelee, nilijisikia kama nimeolewa upya. Nikawa malkia tena, na tena. Mara moja mwanamke wa kijiji kingine, ambaye hata sijawahi kumwona ana kwa ana, alinivua taji hilo. Nilimkuza yule mama kwenye picha, nikamwangalia vidole.

Mwanahawa naye alikuwemo kwenye grupu. Alituma ukili mfupi kama mkia wa mbuzi. Siku nyingine hakutuma ukili kabisa, alituma picha ya sufuria na kuandika kwamba leo wageni wake wameleta kamba, ukili kesho inshallah. Dada wa Dar alimwekea vile vikaragosi vya kucheka, vingi, mstari mzima. Mimi niliyekuwa nimesuka tangu alfajiri aliniwekea dole gumba. Nilikaa na simu mkononi nikilihesabia makosa lile dole gumba.

Sasa niseme yaliyofuata kama nilivyoyaona, maana nayaona kwenu pia na ndiyo sababu ya kuandika. Nilianza kusuka nikila: mkono wa kulia tonge, wa kushoto umebana ukili. Kisha nikaanza kusuka nikiwa shambani kulinda mpunga, na ndege wakala, mume wangu akanyamaza. Baba Zuhura ni mtu wa maneno machache, akikasirika anapunguza hata hayo. Akaanza kunywa chai kwa dada yake. Nikawa namwona anarudi kutoka shamba, anapita mlangoni kwetu, anakwenda kukaa kule kwenye vicheko, na mimi nasema moyoni kwamba wavivu wamepata mwenzao.

Kisha vidole vikakataa kutulia. Nikilala navihisi vinasuka shuka. Nikafika mahali kwenye swala nilikuwa sijui niko rakaa ya ngapi, kwa sababu kichwani nilikuwa napandisha na kushusha ukindu. Hilo lilinitisha. Lakini nilijiambia nikimaliza kazi hii nitapumzika, na ile ikiisha inaingia nyingine, nami mwenyewe ndiye niliyeiomba. Usingizi ukaondoka nyumbani kwangu kama mpangaji aliyechoka na mwenye nyumba.

Hali ikiwa hiyo, Zuhura, binti yangu, akaposwa. Mchumba alikuwa kijana wa Salale, wa familia ya wavuvi, mtoto mzuri. Kwetu bibi harusi anaondoka na mkeka uliosukwa na mama yake. Anaweza kuondoka na vingine vyote vya dukani, lakini mkeka ule ndio atakaoutandika siku ya kwanza kwake, na wanawake wa kule watainama kuutazama kabla hawajamtazama yeye. Mimi ndiye malkia. Mnaweza kufikiri nilikuwa nimejipanga vipi. Nilitaka mkeka utakaowanyamazisha Salale nzima, na wakati huohuo sikutaka kukosa picha ya jioni hata siku moja.

Basi nikausuka mkeka wa mwanangu katikati ya mikeka ya duka, kama mtu anayenyonyesha huku anakimbia. Nikaushona. Siku ya kuupasua ikafika, na nilitakiwa nianze kushona kazi nyingine kabla ya magharibi. Nikifikiria kuita watu, kupika uji, kusikiliza hadithi za Mwanahawa kuanzia mwanzo, niliona mchana mzima unapotea. Nikafunga mlango. Nikakandamiza ncha moja kwa jiwe la kusagia, nyingine nikaikanyaga kwa mguu, nikashika kisu.

Ukili huzunguka, mnajua. Ukiufuata mshono mmoja kwa macho unakuchukua taratibu upande, na hutambui kwamba umehama. Nilipasua toka juu hadi chini, nikaufungua mkeka chumbani, nikaona umekwenda mshazari. Pembe moja ilikuwa imekimbilia mlangoni na nyingine iko chini ya kitanda. Mistari ya zambarau niliyoipanga kwa mapenzi yote ilikuwa inateremka kama mvua ya upepo. Na mkeka ukishapasuliwa haurudi kuwa gunia. Unaweza kuupunguza pembe ukabaki na kipande cha kukalia mtu mmoja, lakini mkeka wa bibi harusi hapo hamna.

Aliyeingia kwanza alikuwa Zuhura mwenyewe. Aliutazama, akanitazama. Alisema kwa upole ulionichoma kuliko kama angenitukana.

"Mama, usijali. Nitamwomba shangazi."

Nilitaka kujibu, pumzi ikakata. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka masikioni, mikono imekufa ganzi. Nikajua ndiyo safari. Nilipakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mume wangu, tukaenda Kibiti, na njia nzima niliwaza vitu viwili: kwamba nakufa, na kwamba sijatuma picha ya leo.

Nesi aliyenipokea alikuwa kijana, umri wa Zuhura. Wakanipima presha, wakanipima damu, wakanisikiliza moyo. Kisha yule nesi akavuta kiti akakaa karibu, akanisemesha taratibu kama mtu mwenye siku nzima. Aliniuliza nalala vipi, nakula vipi, nakaa na nani. Nikamjibu kwa ufupi, maana nilikuwa na haraka.

"Mama, mara ya mwisho ulikaa tu ni lini?"

"Kukaa tu ndiyo kufanyaje?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba moyo wangu ni mzima, ila akili imechoka, na kwamba akili iliyochoka inaweza kuukimbiza moyo hata mtu akiwa amelala kitandani. Akasema si uchawi na si wazimu, ni maradhi yanayotibika, wanaoyapata ni wengi na wengi wanayaficha. Nirudi kwake baada ya wiki tuzungumze tena. Kwa sasa nipunguze kazi, nikae na watu, na nilale hata mchana. Nilimwambia nina harusi ya mwanangu na mkeka hakuna. Akauliza hapo kijijini hakuna mwingine anayejua kusuka. Jibu nililijua, ila sikutaka kulitoa mdomoni.

Tuliporudi nilimkuta Mwanahawa chumbani kwangu, amekaa sakafuni mbele ya ule mkeka wangu wa mshazari. Alikuwa ameukunjua wote. Sikuwahi kuona aibu namna ile.

"Kisu alishika nani?" akauliza.

"Mimi."

"Na huku alishika nani?"

Nikalitazama jiwe la kusagia.

"Wifi, umejishikia mwenyewe ncha zote nne?"

Nilisubiri acheke. Kama angecheka ningemfukuza na tusingesemeshana mpaka leo. Akaukunja tu mkeka, akauweka pembeni, akasema kesho asubuhi niende kwake na ukindu wangu wote wa rangi. Nikamwambia kuna kazi ya duka. Akanyoosha mkono nimpe simu. Nilimwomba niandike mwenyewe. Nikaandika kwamba naumwa, kazi ya wiki hii sitaiweza. Kidole kilikaa juu ya ile alama ya kutuma mpaka mume wangu akakohoa. Nikatuma. Mwanahawa akaichukua simu, akaenda kuitumbukiza kwenye debe lake la mchele, na akamwambia Baba Zuhura atakayeipika atapata wali wa mapambano.

Asubuhi kibaraza chake kilikuwa kimejaa. Walikuwepo majirani na Zuhura mwenyewe. Kwa kawaida bibi harusi hasuki mkeka wake, lakini shangazi yake alisema mambo ya kawaida tulishayapasua mshazari. Kila mmoja alipewa sehemu ya ukili asuke, na sehemu zile zikawa zinaunganishwa. Mimi nilipewa kuchambua ukindu kwa rangi. Kazi ya watoto. Nilichambua nikiwa nimekunja uso.

Sasa nisikilizeni, maana hapa nilikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa. Nilikaa kwenye kile kibaraza nilichokionea wivu miaka yote, nikakichunguza kama mtu aliyetumwa kupeleleza. Nilitaka kujua wanafanya nini pale. Niligundua kwamba walikuwa wanafanya kazi. Hilo liliniudhi. Nilidhani ni porojo tu, kumbe mikono yao ilikuwa inakwenda muda wote, ila ikifika adhana wanaiweka chini wote pamoja, na hakuna anayebaki nyuma kumalizia kidogo. Chakula kikija, ukili unatundikwa ukutani, hauji mkekani. Mtu akiwa na jambo zito anasema, na wengine wanapunguza mwendo mpaka amalize. Siku ya pili mmoja alisimulia habari ya mtoto wake aliyekwenda Kiongoroni kukata mikoko na harudi wala kuleta salamu. Akalia kidogo. Hakuna aliyemshauri. Mwanahawa alimwongezea sukari kwenye uji, akamrudishia kikombe. Nikawaza: mimi ningelia mbele ya nani?

Ukili wao ulikuwa mbaya, nisiwadanganye. Sehemu moja imebana, nyingine imelegea, na ya Zuhura ilikuwa imepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Vidole vyangu viliwasha. Mara mbili nilinyoosha mkono niinyooshe ile sehemu yake, na mara mbili Mwanahawa alinipiga kofi mkononi.

"Chambua, malkia."

Wote wakacheka. Nikachambua. Nilikuwa na hasira, kisha hasira ikachoka. Mnajua hasira nayo inachoka? Siku majirani walipomaliza kuushona ukili, mchana, tulikula wali na kamba wa nazi, vicheko vikapungua, mmoja akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto ingawa mtoto hayupo. Nilisema nitaegemea ukuta kidogo tu, mpaka waanze kupasua. Nilitaka niwe macho wakati ule. Nilikuwa nimeshapanga nitakaa upande gani, ili nione kisu kinavyokwenda.

Nilipofungua macho kivuli kilikuwa kimehama na kuvuka ua. Mtu alikuwa amenifunika kanga. Wanawake walikuwa wamekwenda, na Mwanahawa alikuwa peke yake anafagia vipande vya ukindu. Pembeni yake mkeka umekunjwa, umefungwa kwa kamba, tayari.

Mmeshanielewa. Walikuwa wamepasua mkeka wa mwanangu mimi nikiwa nimelala palepale, hatua chache tu, nikikoroma, wanasema, kama mashine ya kukoboa. Uji ulipikwa ukanyweka. Utani ulitaniwa. Kisu alishika yeye, wifi yangu. Zuhura alishika ncha moja kwa niaba yangu. Yote hayo nilihadithiwa, na mpaka leo anayehadithia vizuri ni yeye, na kila akihadithia harusini na misibani naumia upya, kwa sababu ilikuwa siku yangu na aliyeiona ni yeye.

Nilimwuliza kwa nini hakuniamsha. Hakusimamisha ufagio.

"Mikeka unayo mingi, wifi. Usingizi ndio ulikuwa huna."

Mabinti, sina la kuwapangia. Najua simu zenu sasa zinawahesabia mpaka hatua mnazotembea, na kuna vijana wa mjini wanaowaambia kwamba anayelala anakosa. Nami nawaonea wivu nyinyi pia, kwa vidole vyenu na macho yenu, kwa hiyo msinichukue kama mtu asiye na lake. Ila mkimwona mwenzenu amefunga mlango ili apasue mkeka peke yake, pigeni hodi, na asipofungua mpige tena. Na ikiwa ni wewe, na moyo unakimbia hali umekaa, nenda ukaseme kwa nesi. Mimi nilikwenda nikiwa nimebebwa. Nilirudi kwake zaidi ya mara moja, na nafuu haikuja kwa siku moja. Yule dada wa Dar alijibu ujumbe wangu sawa mama, pole, ugua pole, akampa taji mwingine, na duka lake lipo mpaka leo.

Usiku wa kuamkia harusi, watu walipotawanyika, niliuchukua ule mkeka, nikaufungua sebuleni. Nilikuja na fimbo ya kupimia. Nilipima upana juu, nikapima katikati, nikapima chini. Nikapima pembe kwa pembe. Nakiri nilitamani uwe umepinda, hata kidogo tu, ili niwe na la kusema.

Haukupinda. Nikaukunja, nikaufunga vilevile nilivyoukuta, nikaenda kulala.